BARAZA LA KANDO YA GARI



Mwezi huu ukumbi wetu umeletewa mashitaka. Akina mama kadhaa, kila mmoja kwa wakati wake na bila ya kupatana, wametutaka tuandike juu ya desturi ya waume zao ya kusimama barabarani siku za Jumapili baada ya sala ya Alasiri, wamelizunguka gari lililofunguliwa boneti, mpaka jua likachwa na chakula kikapoa. Mmoja wao alituuliza, "Mwalimu, gari hilo lina maradhi gani yasiyopona miaka yote hii?" Mwingine alisema kwamba mumewe akiwa nyumbani hujibu kwa maneno mawili tu, naam na la, lakini akifika mbele ya injini ya jirani hunena kama aliyefunguliwa ulimi.

Tumeyapokea mashitaka hayo kwa heshima, na tumekwenda kuwasikiliza washitakiwa huko huko wasimamapo. Leo tunaomba idhini ya kuwatetea. Kisha tutawadai jambo moja ambalo, kwa maoni yetu, ni kubwa kuliko chakula kilichopoa.

WANAZUNGUMZA NINI?

Apitaye kwa haraka husikia habari za plagi, betri, breki na bei ya bima. Na kweli mazungumzo huanzia hapo. Yuko anayeapa kwamba Toyota haina mpinzani, na yuko anayeshikilia kwamba tangu Peugeot 504 hakujaundwa gari tena duniani. Yuko aliyenunua gari la mtumba kwa bei ya chini, na kila Jumapili huwaeleza wenziwe jambo jipya aliloligundua juu ya sababu ya bei hiyo kuwa chini.

Lakini akaaye nusu saa husikia mengine. Mmoja husema kwamba radieta yake inapoteza maji kidogo kidogo. Mwenziwe humwambia asilidharau jambo dogo, kwani yeye mwaka uliopita alikidharau kizunguzungu mpaka akaanguka ngazini. Hapo mazungumzo yameshahama, na wanaume watatu ambao pengine hawajapimwa presha tangu waingie nchi hii wanaulizana namna ya kupata miadi ya daktari. Mwingine huuliza gharama ya kusafirisha gari hadi Mombasa, akaambiwa kwamba Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi umri wa miaka 8. Hunyamaza kidogo, kisha husema kwamba gari hilo alilikusudia liwe la kumpeleka mama yake hospitali, na kwamba siku hizi mama huyo hamtambui tena kwenye simu. Hakuna amtazamaye usoni. Wote wanaiangalia injini. Mmoja hukifuta kwa kitambaa kijiti cha kupimia oili na kumwambia, "Pole sana, ndugu yangu."

Sisi tumefundisha wavulana kwa miaka mingi, na tuliona kwamba mwanafunzi aliyeitwa ofisini na kuulizwa, "Una nini?" hujibu, "Sina kitu." Mwanafunzi huyo huyo akipewa jembe la kupalilia bustani pamoja na mwalimu wake, baada ya dakika kumi huanza mwenyewe kueleza kwamba baba yake hajarudi safari. Ni tabia ya wanaume wengi kuona taabu kusema la moyoni wakikabiliwa uso kwa uso. Mikono ikiwa na kazi, na macho yakiwa na pa kutulia, maneno huja. Basi mama aliyeuliza gari lina maradhi gani ameuliza swali la haki. Mara nyingi gari ni zima, na kinachotibiwa ni kitu kingine.

BARAZA LILIKUWA WAPI KWANZA?

Kwetu kazi hii haikuhitaji gari. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, katika Mji wa Kale wa Mombasa, na katika vichochoro vya Lamu, nyumba nyingi zilijengwa na baraza la mawe ukutani, upande wa nje. Mgeni alikaribishwa hapo bila ya kuingia ndani kwa watu, mzee alikaa hapo akiitikia salamu, na aliyekuwa na shida hakuhitaji kubisha hodi, kwani alipita tu akaketi. Wasiokuwa na baraza walikwenda penye buli la kahawa na kete za bao. Jambo lililokuwa muhimu ni kwamba asiyeonekana siku mbili aliulizwa, na siku ya tatu alitumiwa mtoto wa kumjulia hali.

Tulipohamia Birmingham tulikuta nyumba ambazo mlango wake unafungukia njiani, mvua isiyoagana na mtu, na majumba ya starehe ambayo si ya kwetu. Msikitini ni mahali pa ibada, na baada ya sala wengi hukimbilia zamu zao. Tena mwanamume mgeni akisimama njiani saa nzima mikono mitupu, majirani huchungulia dirishani wakijiuliza anatafuta nini. Lakini akiwa na boneti wazi na spana mkononi, hakuna amshangaaye. Jirani Mwingereza hupita na kuuliza, "Imekuwaje tena?" na huenda naye akasimama akatoa maoni yake. Kwa njia hiyo watu wetu wa Unguja na Pemba, wa Mombasa na Barawa, wa Bujumbura na Bukavu, wamejipatia baraza wasilolijenga kwa mawe.

Na mji wenyewe ni mji wa magari. Ni hapa Longbridge, mwaka 1905, Herbert Austin alipochukua kiwanda cha uchapaji kilichoachwa akakifanya cha magari. Ni kiwanda hicho kilichotoa Austin Seven mwaka 1922, na Mini mwaka 1959. Mini ilibuniwa na Alec Issigonis, ambaye alikuwa mhamiaji kama sisi. Alizaliwa Smirna, mji ambao leo ni Izmir nchini Uturuki, na familia yake iliukimbia mji huo mwaka 1922 wakati wa vita. Kiwanda kilianguka Aprili 2005, wakati kampuni ya MG Rover ilipofilisika na wafanyakazi wapatao 6,000 wakapoteza kazi. Wazee wa mji huu wanaokuja kuchungulia chini ya boneti zetu, baadhi yao ni watu wa kiwanda hicho, nao pia walipoteza baraza lao siku ile.

Upande wa pili wa mji kuna Solihull, ambako Landrova ilianza kuundwa mwaka 1948. Wengi wetu tulilisoma jina la Solihull kabla ya kujua liko wapi, kwa sababu Landrova za zamani, za bwana shamba na za daktari wa wilaya, zilikuwa na kibati kilichoandikwa jina la mji huo. Mtoto wa shule aliyekuwa akikitamka kibati kile herufi kwa herufi, leo anakwenda Solihull kwa basi.

Ama wakianza habari za Safari Rally, hapo akina mama wasiwangojee kabisa. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka. Kila mwenye umri wetu ana kijiji chake ambako watoto walikesha kando ya barabara wakisubiri vumbi au matope. Atatajwa Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Watu wa Tanzania watamtaja Bert Shankland, aliyeshinda kwa Peugeot 404 mwaka 1966 na 1967. Kisha atatajwa Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano, mwaka 1973 na kuanzia 1979 hadi 1982 mfululizo. Hapo ndipo kijana aliyezaliwa Small Heath husikia kwa mara ya kwanza kwamba Mehta alizaliwa Uganda, na kwamba familia yake ilikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Mwaka mmoja baadaye alishinda akikaa Kenya. Kijana huyo aliyajua mashindano ya Naivasha tu, yaliyorudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya kukosekana tangu 2002. Amefundishwa historia ya Afrika Mashariki pasipo kujua kwamba yumo darasani.

Huo ndio utetezi wetu. Sasa tuwadai.

ALIYEKOSEKANA

Tarehe 14 Juni 2021 Halmashauri ya Birmingham ilianza kutoza ada ya hewa safi katikati ya mji, ndani ya barabara ya mzunguko ya Middleway. Gari dogo lisilotimiza kiwango cha moshi hulipa pauni 8 kwa kila siku linapoingizwa humo. Kwa kawaida gari la petroli lililosajiliwa tangu 2006 husalimika, ama la dizeli hutakiwa liwe limesajiliwa tangu Septemba 2015. Hatubishani na kusudi la ada hiyo, kwani watoto wetu nao wanauvuta moshi huo. Tunaeleza tu lililompata mmoja wetu.

Alikuwa bwana mmoja mtu mzima, mfanyakazi wa usafi katikati ya mji, anayeanza zamu kabla ya alfajiri. Gari lake lilikuwa la dizeli na la zamani. Siku tano kwa juma ni pauni 40, nazo ni fedha za chakula cha nyumba. Alijaribu kwa majuma machache, kisha akaliuza kwa bei ya kutupa, akaanza kwenda kazini kwa basi la usiku.

Bwana huyu alikuwa na kipawa. Alikuwa haulizi swali wala hagusi spana. Husimama kando ya gari linalounguruma, akainamisha kichwa, akasikiliza, kisha akasema ugonjwa uko wapi. Wengi walimsadiki kuliko mashine za gereji. Lakini tangu siku alipouza gari lake hakuonekana tena Jumapili. Wa kwanza alisema labda amebadilishiwa zamu. Wa pili alisema amesikia kwamba amehamia Leicester. Wa tatu alisema bila shaka amesafiri kwenda nyumbani. Kila mmoja aliridhika na jibu la mwenziwe. Mwezi ukapita, kisha wa pili, ukaingia na wa tatu, na nyumba yake ilikuwa umbali wa barabara nne.

Habari ilitoka kwa akina mama. Mkewe alimwambia mwenziwe, walipokuwa wakiwangojea watoto nje ya chuo cha Kurani, kwamba kila Jumapili baada ya Alasiri mume wake huvaa koti, huketi jikoni nalo mwilini karibu saa nzima, kisha hulivua na kulitundika. Alipomuuliza kwa nini hatoki alimjibu, "Nikasimame na gari la nani?"

Maneno hayo yalifika kwa wanaume jioni ile ile. Jumapili iliyofuata hawakwenda mahali pao pa kawaida. Walipeleka gari moja mpaka mlangoni kwake, wakafungua boneti, wakaiacha injini ikinguruma, na mmoja akagonga mlango akamwambia, "Kaka, kuna mlio hapa umetushinda." Alitoka na koti lake. Akainamisha kichwa, akasikiliza, akasema kwamba ni beringi ya pampu ya maji, na kwamba wasilitembeze gari lile safari ndefu kabla ya kuibadilisha. Waliposimulia kisa hiki mbele yetu walicheka sana, kwa sababu walikwenda na gari walilodhani ni zima, na kumbe beringi ilikuwa imekwisha kweli.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba kisa hicho kilikwisha kwa kicheko. Si vyote vitakwisha hivyo. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Baraza la mawe halikumdai mtu kitu ili aketi. Baraza hili jipya, pasipo mtu kukusudia, limeweka kiingilio, nacho ni gari. Na gari humtoka mtu kwa njia nyingi. Leo ni ada, kesho ni bima iliyopanda, keshokutwa ni kazi iliyopotea au macho yaliyopungua nguvu. Siku hiyo ndiyo mtu huwahitaji wenziwe zaidi, na ndiyo siku anayojiona hana haki ya kusimama nao.

HAKI ZA NJIA

Mtume wetu (s.a.w.) aliwatahadharisha Masahaba na kukaa njiani. Walipomweleza kwamba hawana budi na vikao vyao, aliwaagiza waipe njia haki yake, nayo ni kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Hatuoni mwongozo unaolifaa zaidi baraza la kando ya gari.

Kuzuia udhia ni kutolipandisha gari juu ya njia ya miguu hata mama mwenye kigari cha mtoto akashuka barabarani. Ni kutoiacha injini ikinguruma muda mrefu gari limesimama, jambo ambalo hata sheria ya nchi inalikataza, na kutomwaga oili chafu katika mfereji wa mvua. Jirani naye ana haki yake, awe Mwislamu au asiwe.

Kuamrisha mema kuanze kwa kuulizana hali. Asiyeonekana Jumapili mbili abishiwe hodi, si kupigiwa simu peke yake, kwani simuni kila mtu ni mzima. Na aendeaye asiende kuhoji, bali awe na la kumwomba, kama wale walivyofanya.

Tunawakumbusha pia wazee wenzetu. Katika nchi hii leseni ya udereva hutakiwa kuhuishwa mtu anapofika miaka 70, na kila miaka 3 baada ya hapo. Dereva wa umri wowote lazima aweze kuisoma namba ya gari lililo mita 20 mbele yake kwa macho yake, hata kama ni kwa miwani. Maradhi kama presha ya macho katika macho yote mawili, au kisukari kinachotibiwa kwa sindano za insulini, ni lazima idara ya leseni ijulishwe. Akiona namba haisomeki, asifiche. Na watoto wake wasimnyang'anye ufunguo kwa ukali mbele ya wajukuu. Aliyefikia umri wa pensheni ya serikali hupata kadi ya kupanda basi bure, kuanzia saa tatu na nusu asubuhi siku za kazi, na siku nzima mwisho wa juma. Wenziwe wa baraza wampitie wamchukue, na siku nyingine wapande naye basi.

Vijana nao wana haki. Tumewaona wakifukuzwa pale mazungumzo yanaponoga, wakiambiwa waende wakasome. Kijana apendaye magari asipopata nafasi kwa baba zake ataipata kwengine, usiku, katika mashindano ya barabarani ambayo mahakama imeyawekea amri ya kuyakataza katika mji huu. Mpeni tochi ashike. Mwacheni afungue nati moja, hata kama ataipoteza. Atasikia vipi mtu mzima humwambia mwenziwe pole, nalo ni somo ambalo hatukuwahi kulipata katika kitabu chochote tulichofundishia. Na binti apendaye kujua namna ya kubadilisha tairi asiambiwe kwamba si kazi yake, kwani pancha haichagui dereva.

Ama akina mama walioleta mashitaka, hukumu yetu ni hii. Waume zenu warudi kabla ya Magharibi, na warudi na maneno zaidi ya mawili. Waliyoyasema mbele ya injini, sehemu yake ni haki yenu kuisikia. Nanyi tunawaomba msilivunje baraza hilo, bali mlitumie birika la chai ya tangawizi kabla baridi haijawatawanya. Na mkisikia kwa wenzenu habari ya mtu aliyevaa koti asitoke, msikae nayo hata siku moja.

Kila msomaji wetu amkumbuke mtu mmoja ambaye alikuwa haachi kuonekana na sasa haonekani, akambishie hodi kabla ya toleo lijalo. Atakayependa kutuletea habari ya yaliyotokea aikabidhi kwa mhariri, nasi tutayahifadhi majina.

Tukutane mwezi ujao, Inshaallah. Wabillahi tawfiq.